Watu wa Pepombili, na bibi aliyeuliza nani ananunua sanda

Nina kaunta buku tatu zimejaa watu ambao hawapo. Nlianza kuzijaza kipindi kile cha mgao wa umeme, giza kila jioni, laptopu imezima, simu ina asilimia tisa unaibania isije ikatokea dharura, basi nikawa nakaa na mshumaa naandika nchi yangu ya kubuni, mara ramani, mara milima, mara wafalme na majina yao. Mpango wa maana sikuwa nao. Nlikuwa nimechoka tu na stori za fantasi ambazo kila kijiji kina theluji na kila msafiri anaingia kwenye kibanda cha mbao anaagiza pombe na supu kando ya moto, mi nimekulia Pangani jamani, barafu naijua ile ya kwenye friji, ya kuuzia watoto.

Hiyo nchi inaitwa Pepombili na leo nataka niwaelezee watu wake, maana kuna washkaji kila tukikutana wananiuliza wale watu wako wameishia wapi, na pia kuna kitu nimekigundua kwa kuchelewa sana, ningekijua mapema kaunta buku ya kwanza yote nisingeipoteza.

Kaunta buku ya kwanza ilikuwa hivi. Makabila kumi na mbili, kila kabila ukurasa wake, kila ukurasa una jina, urefu, rangi ya macho, silaha, mungu, chakula. Ukiangalia utadhani ni fomu ya kujiunga na bodingi. Afu majina sasa, daah, nlidhani jina la fantasi lazima liwe na herufi x na kialama juu katikati, kwa hiyo kulikuwa na watu wanaitwa Wa-Xar'thuun, warefu, macho rangi ya fedha, silaha yao upinde, mungu wao mwezi. Nikajiona nimemaliza kazi.

Idi ile nikaenda Pangani, nikamkuta bibi uani kakalia mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda hivyo, huyo mke mwenzangu wa Dar hakupikii?"

Nikavuta kigoda nikamsomea. Bibi yangu hajui fantasi ni nini ila stori anazijua kuliko mimi, kakulia kwenye hadithi za usiku za sungura na majini na mtoto wa sultani, kwa hiyo nlitegemea atafurahi. Nikaanza na Wa-Xar'thuun. Akaniangalia. "Hilo jina au mtu kakohoa?" Nikacheka nikaendelea, wa pili, wa tatu, nilipofika wa tano akaacha kukuna.

"Sasa mume wangu, hao wakifa nani anawazika?"

"Wanazikana wenyewe bibi."

"Wenyewe wafiwa ndo wachimbe kaburi? Sanda ananunua nani? Nani anakuja kuwachekesha? Watani wao kina nani?"

Sikuwa na jibu. Ndo akaniambia maneno ambayo nimeyaandika kwenye jalada la ndani la kaunta buku ya pili: "Basi hao si watu, hao picha za kalenda."

Nlinuna siku mbili. Ila kwenye basi narudi Dar, kama kawaida mtu huna cha kufanya unaangalia mikonge tu inapita dirishani, nikaanza kumuelewa.

Chukua huo utani wenyewe. Sisi tumeuzoea mpaka hautushangazi, Mpare na Mchaga wakikutana ofisini hata hawajuani vizuri wataanza kuitana bahili na mwizi na kila mtu anacheka, Mnyamwezi na Mzaramo nao wana utani wa tangu enzi za misafara, watu walikuwa wanatembea kutoka huko Tabora mpaka pwani na mzigo wa pembe mabegani, wakifika wanahitaji mtu wa kuwapokea, wa kuwauguza, wa kuwazika wakifia ugenini. Na kwenye msiba ndo utaona kazi ya mtani. Anakuja anamuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anaweza kujilaza kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe, anakamata kuku wa wafiwa wanamuona, na hakuna wa kukasirika, ukikasirika mwenye makosa ni wewe. Sasa hiyo tabia utaiandika ukurasa wa nani? Ukiiandika kwa Wapare peke yao haisimami, kwa Wachaga peke yao haisimami, yenyewe inakaa katikati yao. Na fomu yangu haikuwa na sehemu ya katikati. Nlikuwa nimeumba watu kumi na mbili kila mmoja kisiwani kwake anasubiri aelezewe.

Nikafuta karibu wote, nikabakiza makabila manne na nusu (hiyo nusu ntaifikia), na safari hii sikuanza na watu, nikaanza na upepo.

Upepo kwa sababu sisi wa pwani ndo uliotuzaa, wala sitanii. Kaskazi ikianza, kama Desemba hivi, inaleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba na India, kusi ikishika kuanzia Aprili inayarudisha, na katikati kuna maleleji, upepo hauna msimamo. Maana yake mfanyabiashara akishafika hawezi kusema kesho naondoka hata kama kauza kila kitu, anakaa, anakula, anapanga chumba, anaoa, anazaa, anajifunza lugha ya wenyeji na wenyeji wanaokota maneno yake. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuja kwa upepo huo huo. Ile miji ya mawe yote, Kilwa, Gede, Lamu, ukiitazama vizuri ni miji ya watu wanaongoja kitu.

Nikajiuliza, je upepo usingegeuka kila mwaka? Ndo ikazaliwa Pepombili. Kuna pepo mbili tu, Mleta na Mrudisha. Mleta anavuma miaka mitatu mfululizo kuelekea nchi kavu, Mrudisha miaka mitatu kuelekea baharini, na kila wakipokezana kunakuwa na siku 40 za kimya, hata jani halitikisiki, wenyewe wanaziita Zii. (Hizo siku 40 nimezihesabia humo humo ndani ya ile miaka mitatu, kuna jamaa yangu mhasibu alinianza juzi kwa hizo hesabu, tumeshamalizana.)

Hapo tu watu wa kwanza wakajizaa wenyewe bila mimi kuwaza macho yana rangi gani. Wangoja, watu wa bandari. Kila familia ya Wangoja ina mtu aliyekuja na Mleta akakwama miaka mitatu. Nyumba zao zina sabule, chumba cha wageni, pale pale mlangoni, kama nyumba za zamani za Lamu, mgeni anaweza kuishi humo miaka mitatu na ua wa ndani asiujue. Kumuuliza mgeni "utaondoka lini" ni tusi kubwa kuliko kumtukania mama, kwa sababu nani anajua, hilo si lake. Salamu yao mmoja anasema "Upepo?" mwenzie anaitikia "Haujageuka", hata kama ni miezi miwili tu umebaki. Na wana ndoa ya upepo, mnaoana mpaka Zii ijayo, ikifika Zii wazee wanakuja kuwauliza upya wote wawili, na mwanamke ndo anaulizwa kwanza. Akisema "haujageuka" basi ndoa inaendelea, mwanaume atajua mwenyewe kwao atatuma salamu na nani. Watoto ni wa nyumba ya mama. Ndo maana kwa Wangoja nyumba inapita kwa mabinti, wanaume wanapita tu mlangoni, na hilo sikulipanga kabisa, nliandika upepo tu nikakuta urithi umeshajipanga.

Biashara yao ni ya madeni, maana huwezi kumlipa mtu ambaye utamuona tena baada ya miaka sita. Wanavunja kigae cha udongo katikati, mdai anachukua nusu, mdaiwa nusu, na hizo nusu zinasafiri, zinauzwa, zinarithiwa, unaweza kukuta mvuvi wa mbali kabisa kavaa shingoni nusu ya deni la ukoo asioujua. Hili nimeliibia Kilwa. Mwaka 1944 huko visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, ziliokotwa sarafu 5 za shaba za Kilwa ufukweni. Australia! Mi hizo sarafu zinanikosesha usingizi. Kitu kinaweza kufika mahali ambapo aliyekitengeneza hajui kama papo, na huyo aliyekiokota akakivaa kama urembo. Kwa hiyo Pepombili nzima nimeitapakaza vigae.

Sasa Wangoja wanahitaji samaki mkavu wa kula safarini, na samaki mkavu anahitaji chumvi, na chumvi wanayo Wachuja, watu wa mabwawa ya ndani. Wachuja wanakata majani ya bwawani, wanayachoma, wanachuja majivu kwa maji, wanachemsha mpaka ibaki chumvi ya kijivu yenye uchungu kidogo. Hapa nimechanganya vitu viwili, hiyo ya kuchuja majivu ipo sehemu nyingi za bara, na Uvinza kule Kigoma ambako watu wamechemsha maji ya chumvi ya chemchemi kwa zaidi ya miaka 1000, ilikuwa kiangazi watu wanatoka kila upande wanapiga kambi wanachemsha na kubadilishana mali. Wachuja wangu ni hivyo, kwa miezi minne kwa mwaka wana wageni kuliko wenyeji, na miezi minane wako peke yao na mbu.

Ila "Wachuja" ni wanavyojiita wao. Wangoja wanawaita Wala Majivu. Na Wachuja wanawaita Wangoja "Wakaa Mlangoni". Kila kabila nimelipa majina mawili, la kwao na la kubandikwa, kwa sababu mi sijawahi kuona kabila la kweli lina jina moja. Sisi wenyewe Waswahili jina letu ni la Kiarabu, watu wa pwani basi, kuna mtu alitutazama toka baharini akatuita. Wanyamwezi nao walibandikwa na watu wa pwani, watu wa upande unakoandamia mwezi. Kuna majina mengine yalianza kama dharau leo yako kwenye jezi za timu.

Wangoja na Wala Majivu ndo watani wakubwa wa Pepombili. Walipigana vizazi vitatu nyuma kwa sababu ya kipimo cha chumvi, na kilichowapiganisha zaidi ni siku. Wangoja wanahesabu siku ianze jua likizama, kama sisi wa zamani, usiku wa Ijumaa ndo ule unaofuata Alhamisi jioni. Wachuja wanaanza siku alfajiri. Basi wamekubaliana soko ni "usiku wa siku ya nne", mmoja kaja na mzigo wake kakesha peke yake, kesho yake usiku mwenzie kaja kakesha peke yake, kila mmoja anaapa kadanganywa. Watu wakafa kwa hilo. Sa hivi ndo utani wenyewe, Mchuja akimuona Mngoja tu anamuuliza "jana yako ilikuwa lini?"

Nlipomsomea bibi hii kaunta buku ya pili alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Afu akasema ila hujanijibu. Wakifa?

Kumbe alikuwa anangoja na yeye.

Nlikuwa na jibu nusu. Nikamwambia Pepombili hakuna uchawi wa mtu kurusha moto mikononi, kitu cha ajabu kipo kimoja tu. Mtu akifa mwili unazikwa lakini sauti yake inabaki pale pale alipofia, wanaiita sazo, na haiwezi kuondoka mpaka Mrudisha avume aibebe baharini. Ukifa wakati wa Mrudisha unaondoka siku hiyo hiyo. Ukifa Mleta ndo kwanza kaanza, sauti yako itakaa miaka mitatu uani kwako inauliza nani kaacha mlango wazi. Bibi akasema huyo mama yake babu yako kabisa.

Na sheria zikafuata zenyewe. Sazo anaweza kutoa ushahidi wa deni lakini hawezi kukopa wala kuahidi. Mjane haolewi mpaka upepo ugeuke, si kwa ajili ya eda, ni kwamba mume bado anaongea. Watoto wa Wangoja wengi wamefundishwa kuhesabu na sazo la babu. Na kazi ya mtani kwenye msiba sio kuchekesha wafiwa tu, ni kukaa na sazo mwezi wa kwanza, maana mwezi wa kwanza sazo hajui kama kafa na ndugu hawawezi kumwambia, wanalia, anayeweza kumwambia mtu "wewe umekufa bwana, acha kutusumbua" ni mtani peke yake.

Sasa watu wa tatu na wa nne wakaja kwa pamoja, na ni bibi tena. Nlikuwa na Washona, watu wa visiwani, wanatengeneza vyombo vya kushonwa. Hawa nimewatoa kwenye mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha huku kwetu, hasa visiwa vya Lamu, mbao zinatobolewa zinashonwa kwa kamba za usumba wa nazi, msumari hata mmoja hamna, tanga lake ni la mkeka, la mraba. Nliuona wa mfano Zanzibar, Beit el Ajaib, kabla lile jengo halijaporomoka sehemu yake Desemba 2020, nikasimama pale mpaka wenzangu wakaniacha. Na kuna stori ya kale ya mabaharia wa Bahari ya Hindi kwamba baharini kuna miamba ya sumaku, chombo cha misumari kikipita karibu misumari yote inachomoka mbao zinatawanyika. Mi nikaifanya kweli. Washona hawagusi chuma kabisa, kwao chuma ni najisi, hata samaki wanapasua kwa ganda la chaza.

"Chuma hawagusi," bibi akasema.

"Hawagusi bibi."

"Kaburi wanachimba kwa kijiko cha mti?"

Jamani. Mi nlikuwa nimeandika kurasa arobaini za Washona, nina mpaka nyimbo zao za kushona, hilo sikuliona.

Lakini jibu lilikuwa ukurasa wa pili yake tu, kwa Wavukuto. Hawa ni watu wa mlimani, wafua chuma, jina lao limetoka kwenye mivukuto, ile ya kupulizia moto wa mhunzi. Kwenye kichwa changu ni mchanganyiko wa Washana wa Upare, ule ukoo wa wahunzi, na wahunzi wa Kimasai ambao Wamasai wenzao waliwatenga, hawaoi kwao, mkuki uliotoka mkononi mwao unapakwa mafuta kwanza ndo ushikwe, wakati bila wao hakuna mkuki. Hilo jambo la kumdharau mtu unayemhitaji kila siku lipo dunia nzima na sijui kwa nini watunga fantasi wengi wanawafanya wahunzi waheshimiwe.

Basi Wavukuto ndo wanawachimbia Washona makaburi. Hakuna Mshona anayeweza kumuoa Mvukuto, kula naye, wala kumpokea kitu mkono kwa mkono, lakini siku Mshona akifa Mvukuto anashuka mlimani na jembe, anachimba, anamshika maiti kwa mikono ile ile ya chuma, anamlaza. Na Wavukuto je? Mlimani upepo haufiki, milima imeukinga, sazo la Mvukuto lisipopelekwa pwani litakaa huko milele, kwa hiyo Washona wanatuma chombo mpaka mdomo wa mto, sazo linashushwa ndani ya chungu kilichofunikwa, wanalipakia, na wanalisindikiza mpaka pale Mrudisha anapolipokea. Humo njiani mwenye chombo anamtukana yule aliyemo chunguni mwanzo mwisho. Ndo utani wao. Ni lazima amtukane, akinyamaza sazo linaogopa.

Sehemu hiyo ndo naipenda kuliko zote humu na sikuitunga, iliulizwa.

Kitu kingine nimekaa nacho sana ni lugha zao. Mwanzo nlijaribu kutunga maneno mapya, mia moja hivi, nikachoka, yote yalisikika kama dawa za kuua mende. Afu nikaona silaha ninayo mdomoni. Kiswahili kina ngeli. Kifaru ana ki- lakini hatusemi kifaru kimekuja, tunasema amekuja, kwa sababu ana uhai, uhai unashinda umbo la neno. Basi Washona wangu wanaongea Kiswahili kama hiki hiki, tofauti ni kwamba chombo kwao ni kiumbe. Chombo amefika. Chombo wetu anaumwa ubavu. Na siyo ajabu hivyo, mtepe ulikuwa unachorwa macho usoni, na kichwa chake wazee walikuwa wanasema ni cha ngamia, kitu chenye macho na kichwa utakiitaje "kile"? Mleta na Mrudisha nao Pepombili kote ni amekuja, ameondoka, mmeona toka juu huko naandika Mleta anavuma.

Wavukuto wana adhabu, mtu akivunja ahadi wanamshusha ngeli. Hapigwi, hafungwi. Kuanzia siku hiyo anaitwa kile. "Kile kimekuja, kipeni maji." Mpaka alipe. Nlipoiandika hiyo sentensi nlijisikia vibaya mwenyewe.

Na ugomvi mkubwa wa dini Pepombili uko kwenye herufi chache tu, kwamba sazo *amesema* au sazo *limesema*. Wangoja wanasema amesema, bado ni mtu, kwa hiyo deni lake liko pale pale. Wavukuto wanasema limesema, ni mabaki, ni mwangwi, mtu mwenyewe kaishia kaburini. Mkiangalia hata mi humu ndani nimeyumba, kuna pahali nimeandika hivi kuna pahali vile, na sirekebishi, sisi wenyewe kwenye maiti si tunayumba, mmoja atasema maiti ameshaoshwa mwingine maiti imeshaoshwa, na wote wako msiba mmoja.

Ile nusu sasa. Warika, wafugaji wa nyanda za juu kabisa, nimewaita nusu kwa sababu bado sijawaelewa. Ninachojua wanabadilisha viongozi kila miaka 8, rika zima linashuka rika lingine linapanda, hilo nimelitoa kwenye gada ya Waoromo wa Ethiopia. Upepo mzunguko wake ni miaka 6, uongozi 8, kwa hiyo vinakutana kila baada ya miaka 24, na stori yangu inaanza mwaka huo ambao kila kitu kinageuka siku moja. Ila Warika wanacheka nini, wanamdai nani, sijui. Bibi kaniambia waache walale kwanza.

Zii nayo sijaisema vizuri. Siku 40 hakuna chombo kinachoondoka, masazo yote yamejazana mitaani yanasubiri, wageni wamefunga mizigo, wake wanaulizwa, madeni yanadaiwa, na hakuna hata upepo wa kupooza mwili. Lazima watu wauane. Kwa hiyo nikawapa kitu cha Makunduchi, ile Mwaka Kogwa ya kila Julai, wanaume wanachapana kwa migomba kumaliza vinyongo vya mwaka mzima, kibanda kinachomwa, wanawake wanaimba wamevaa wamependeza, afu wote wanaenda kula. Siku ya 39 ya Zii mji mzima wa Wangoja unatandikana migomba, na masazo yanashangilia. Ukimuona mtu mzima na heshima zake anatafuta mgomba mkubwa kuliko wote ujue kuna deni la miaka sita.

Mshkaji mmoja kasoma yote haya akasema sawa, nzuri, lakini vita iko wapi, fantasi bila vita ni kama ubwabwa bila maharage. Vita ipo. Mtu kaiba kigae. Ila nimeona ukishajua nani anamzika nani, vita inakuwa nzito kuiandika, kwa sababu kila unayemuua inabidi ujue sauti yake itakaa ua wa nani na mtani yupi atafunga safari.

Bibi sa hivi kajiandikisha. Alisema yeye ni Mngoja, hana haja ya kuulizwa, "babu yako si alikuja hapa na jahazi la papa mkavu, akasema anangoja upepo siku nne, akangoja miaka hamsini." Na kwa kuwa ni Mngoja basi watani wake ni Wala Majivu, na hao kawachukulia siriasi kweli. Jumamosi iliyopita kanipigia saa moja asubuhi, hata salamu hatujamaliza:

"Hao wala majivu wako hawajambo?"

"Hawajambo bibi, wanakusalimu. Wanasema kuna deni lao la chumvi kwako la tangu upepo uliopita."

"Waambie sina."

"Wamesema watakuja kulifuata."

"Waje siku ya kunizika. Na waje na jembe, la hapa halina mpini."